Upepo Unapopungua: Kutafuta Chanzo cha Presha Ndogo ya Turbo katika Gari la Zamani

Mafundi wenzangu, vijana mnaosomea ufundi wa magari, na ninyi wenye magari mliokuja kwa sababu mmechoka kununua spea, karibuni.

Nitazungumzia ugonjwa mmoja tu. Gari la dizeli lenye turbo, umri wake miaka zaidi ya 20, halivuti. Kwenye tambarare linajikokota mpaka lishike mwendo, na mlimani linadai gia ya pili pale lilipozoea kupanda kwa gia ya tatu. Mwenye gari analipeleka gereji, linapigwa resi, fundi anatega sikio, hukumu inatoka: turbo imekufa. Inatafutwa nyingine iliyotumika, inafungwa, fedha zinalipwa, na gari linarudi barabarani likiwa na udhaifu ule ule. Nimeliona jambo hili likirudiwa kwa watu wasio na fedha za kuchezea, na ndilo lililonileta mbele yenu. Turbo hupokea kabla ya kutoa. Inapotoa kidogo, lazima kwanza tuulize imepewa nini, na kile ilichotoa kimepotelea wapi.

Ili tusizungumze hewani, nitaitumia injini ambayo wengi wenu mmeifungua kwa mikono yenu: Toyota 1KZ-TE. Ilitoka mwaka 1993, ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,982, na ilifungwa kwenye Land Cruiser Prado, Hilux Surf na baadhi ya Hiace. Pampu yake ya dizeli inaongozwa na kompyuta. Turbo yake ni ya aina rahisi, yenye kijimlango cha kupunguzia moshi ambacho mafundi tunakiita westigeti. Wenye Land Cruiser za pampu isiyo na kompyuta wasiondoke, maana karibu yote nitakayosema yanawahusu, na pale yanapotofautiana nitasema.

Turbo ina magurudumu mawili yaliyofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unalizungusha gurudumu la kwanza, ndilo turbaini, na la pili, lililo upande wa hewa safi, linavuta hewa kutoka kwenye ea klina na kuisukumia injini. Shafti hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya utando mwembamba wa oili. Nguvu ya kuizungusha inatokana na joto na wingi wa moshi, na moshi huo unatokana na dizeli iliyoungua. Hapa ndipo chanzo na matokeo yanapochanganyikana. Dizeli ikiwa kidogo, moshi unakuwa kidogo na upepo unapungua. Kompyuta ikiona upepo mdogo inapunguza dizeli zaidi, isije ikaunguza injini. Mtu anayeangalia turbo peke yake hawezi kujua duara hili limeanzia wapi.

Ndiyo maana kupiga resi gari likiwa limesimama hakupimi turbo. Injini isiyo na mzigo inahitaji dizeli kidogo sana hata ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa hiyo moshi wake hauna nguvu na geji ya presha inasogea kidogo tu. Ukimwonyesha mwenye gari geji hiyo iliyolala na kumwambia turbo haifanyi kazi, umempa ushahidi usiokuwepo. Turbo hupimwa gari likiwa na mzigo: gia ya tatu, mlima wa wastani, pedeli imekanyagwa hadi mwisho kuanzia mizunguko kama 1,500, mpaka upite 3,000. Mmoja aendeshe macho yakiwa barabarani, mwingine asome geji. Dereva asiyekuwa na mwenzake asijaribu.

Geji yenyewe si ghali. Ile ya mshale, isiyotumia umeme, inatosha kabisa. Unaiunganisha kwa kiungo cha njia tatu kwenye kampira kadogo kanachotoka kwenye menifoldi ya hewa kwenda kwenye sensa ya presha, kisha unapitisha mpira wake mpaka ndani ya gari bila kuukunja. Kwa injini hizi utegemee presha ya kati ya bar 0.5 na 0.7 hivi, na kauli ya mwisho iwe ya kitabu cha gari lenyewe. Gereji inayohudumia magari ya turbo bila geji hii inabahatisha kwa fedha za watu wengine.

Kabla ya kuisoma namba, jueni mko mwinuko gani. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa ya nje ina presha ya kilopaskali 101 hivi. Mbeya au Nairobi, karibu mita 1,700 juu, imebaki kama 83. Westigeti inaendeshwa na diaframu ambayo upande mmoja unasukumwa na upepo wa turbo na upande wa pili una springi pamoja na hewa ya nje. Kwa hiyo inapima tofauti ya presha tu. Ikiwa imewekwa ifunguke kwenye kilopaskali 60, geji ya mshale itaonyesha 60 Dar na 60 Mbeya. Lakini hewa iliyomo ndani ya menifoldi ni 161 Dar na 143 Mbeya, pungufu ya asilimia 11 hivi. Gari zima kabisa litachoka kidogo Mbeya, na hakuna spana itakayoliondolea uchovu huo. Mwenzake asiye na turbo amepoteza asilimia 18 kwa safari hiyo hiyo.

Tena, skana haisemi lugha moja na geji ya mshale. Skana nyingi husoma presha kamili, hewa ya nje ikiwa imejumlishwa humo. Fundi wa Mbeya anayesoma 143 na kumpigia simu mwenzake wa Dar aliyesoma 161 anaweza kuambiwa gari lake lina kasoro, nalo halina. Pale skana inapokubali kuongea na kompyuta, kuna kipimo kingine ambacho hakigharimu chochote: washa swichi bila kuwasha injini, usome sensa ya presha. Ukiwa Dar inasoma karibu 100, inasema kweli. Ikisoma 70, sensa au waya wake ndio mgonjwa, na kompyuta inaipunguzia injini dizeli kwa kuamini uongo. Prado nyingi za miaka hiyo hazipokei skana za kawaida. Kwa hizo, unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya mfupi kwenye kiboksi cha uchunguzi, kisha unahesabu mipepeso ya taa ya injini.

Suala la mwinuko limeambatana na turbo tangu utoto wake. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la kutumia moshi wa injini kusukuma hewa mwaka 1905, lakini waliolisukuma mbele walikuwa watu wa ndege, ambazo injini zake zilikosa pumzi huko juu. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty karibu na kilele cha mlima Pikes Peak, Marekani, zaidi ya mita 4,200 juu ya bahari. Injini iliyotoa nguvu farasi 350 bondeni ilitoa 230 huko juu. Ilipofungwa turbo ilitoa 356. Ukipanda mlima Kitonga na gari la turbo lililo zima, au ukitoka Mai Mahiu kwenda Limuru, unafaidi jaribio lile.

Turudi kwenye geji, kwa sababu namna presha inavyopanda inasema mengi kuliko namba ya mwisho. Ikipanda haraka kama kawaida halafu ikagota chini, tuseme kwenye 0.3, na kubaki hapo imetulia, naelekeza macho kwenye westigeti inayofunguka mapema. Ikichelewa kupanda lakini mwishowe ikafika mahali pake, natafuta moshi unaovuja kabla ya kuifikia turbo, au mpira wenye ufa mdogo ambao turbo inaufidia ikishapata kasi. Ikipanda vizuri mpaka mizunguko 2,500 kisha ikaanza kushuka, injini inanyimwa kitu kinachohitajika kwa wingi huko juu: hewa kwa sababu ea klina imeziba, dizeli kwa sababu filta yake imejaa uchafu, au njia ya kutolea moshi. Na isipopanda kabisa, kuna kitu kimefunguka wazi au kimekwama, na mara nyingi utakiona kwa macho ukifungua boneti.

Shahidi wa pili ni moshi. Gari lisilovuta linalotoa moshi mweusi mzito limepata dizeli likakosa hewa. Gari lisilovuta ambalo moshi wake hauonekani kabisa, kwa kawaida limekosa dizeli, na turbo yake imezubaa kwa njaa. Lakini msiifanye kanuni hii kuwa sheria. Kwenye 1KZ-TE, kompyuta ikiambiwa na sensa kwamba upepo ni mdogo hupunguza dizeli, kwa hiyo mpira uliopasuka unaweza usilete moshi mwingi. Kwenye pampu zisizo na kompyuta kazi hiyo inafanywa na kikombe cha diaframu kilicho juu ya pampu, kinachopokea upepo kwa kampira kadogo kutoka menifoldi. Kampira hako kakichanika, pampu inadhani turbo haipo. Gari linakuwa dhaifu, safi, halina moshi, na watu wanalipeleka kubadilishiwa turbo. Kampira ka thamani ndogo kuliko chakula cha mchana! Anzeni hapo, siku zote.

Halafu filta mbili, ya hewa na ya dizeli. Sitakaa hapo sana kwa kuwa kila mtu anazijua, ila niseme hivi: kupuliza ea klina kwa kompresa kunatoboa karatasi yake, na vumbi linalopita kwenye matundu hayo linayala mabawa ya gurudumu la hewa taratibu. Angalieni pia bomba la mpira lililo kati ya ea klina na turbo. Likishakuwa laini kwa uzee na oili, linabonyea ndani injini inapovuta kwa nguvu, na ukilitazama gari likiwa limesimama halina neno.

Sasa uvujaji, ambao ndio wenye sehemu kubwa ya kesi hizi. Mipira ya magari ya umri huu imepikwa na joto na kulainishwa na mvuke wa oili. Inapasuka upande wa chini, mahali jicho halifiki, na ufa wake unafunguka upepo unapoisukuma tu. Ukiinama gari likiwa sailensa, bila resi, utaona mpira mzima. Intakula nayo, ile ya 1KZ-TE iliyokaa juu ya injini, hupata nyufa kwenye maungio. Upepo unaovuja hupuliza ukungu wa oili, vumbi linagandia hapo, na kunabaki doa jeusi lenye unyevu. Doa hilo ni alama nzuri, lakini uthibitisho ni kipimo.

Kipimo chenyewe kinafanyika hivi. Fungua bomba la hewa kwenye mdomo wa turbo, uzibe mdomo huo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, kilichofungwa kwa klipu imara. Ingiza upepo kutoka kwenye kompresa kupitia kidhibiti cha presha, taratibu, usizidishe bar 0.7. Nawasihi, msifungulie kompresa moja kwa moja: kizibo kinaweza kuruka kikamuumiza mtu, na mihuri ya injini ikaumia. Kisha pulizia maji ya sabuni kila kiungo, kila klipu, kingo zote za intakula, gasketi ya menifoldi ya hewa. Mapovu yatakuonyesha. Kuna upepo utakaopitia valvu zilizo wazi na kando ya ringi mpaka kwenye mdomo wa kujazia oili, huo ni wa kawaida ukiwa kidogo. Ukiwa mwingi, pima kompresheni, kwani huenda injini yenyewe ndiyo imechoka.

Upande wa moshi hauhitaji sabuni. Menifoldi ya ekzosi ikipata ufa, au gasketi yake ikiungua, masizi yanaacha mistari myeusi kwenye chuma. Sikilizeni asubuhi injini ikiwa baridi: kuna mlio wa tiki-tiki unaopotea chuma kikipata joto na kutanuka. Moshi unaotoroka hapo haufiki kwenye turbaini. Valvu ya kurudishia moshi kwenye hewa safi nayo ikikwama wazi kwa masizi inaiba moshi huo na kuuingiza mahali pa hewa. Na kwenye 1KZ-TE mkague vipepeo vilivyo kwenye koo la hewa. Vikiwa vimegandamana na utando wa masizi na oili, visifunguke hadi mwisho, injini inanyimwa hewa huku turbo ikilaumiwa.

Kuna Prado moja ambayo nitaieleza kwa sababu inafundisha. Ililetwa ikiwa imeshabadilishwa turbo, nozeli na filta zote. Presha ilipanda mpaka 0.4 kisha ikashuka, moshi mweusi kiasi. Mipira ilikuwa mizima, westigeti nzima. Tulipofungua bomba la ekzosi mara baada ya turbo na kuiendesha ikipiga kelele mtaani, geji ilipanda mpaka 0.6 bila kusita. Ndani ya sailensa ya bomba hilo la ekzosi sahani moja ilikuwa imekatika ulehemu. Gari likisimama sahani ililala, moshi ukipita kwa wingi ilinyanyuka na kuziba njia. Turbaini huzungushwa na tofauti ya presha kati ya moshi unaoingia na unaotoka. Ukiziba kutokea, tofauti hiyo inapungua hata turbo ikiwa mpya kutoka kwenye boksi.

Nimefika kwenye westigeti, na hapa nataka mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine. Kipimo chake halali ni pampu ya mkono yenye geji. Unasukuma upepo kwenye kikombe chake na kutazama fimbo inaanza kusogea kwenye presha gani, kisha unasubiri kuona kama presha inakaa au inavuja kwa diaframu iliyotoboka. Springi ya zamani hulegea na kufungua mapema. Kijimlango chenyewe huweza kupinda au kupata ufa kwenye kiti chake kisifunge vizuri. Hayo yote yanatibika. Lakini umezuka mtindo wa kuchomoa kampira ka westigeti na kukaziba kwa bolti, au kukaza fimbo mpaka kijimlango kisifunguke, ili gari "lipate upepo". Gari linapata upepo kweli, mwenyewe anafurahi, fundi anasifiwa. Kwa wiki chache. 1KZ-TE inajulikana kwa silinda hedi yake ya aluminiamu kupasuka inapozidiwa na joto. Ukiilazimisha presha kubwa ili kuficha uvujaji ambao hukuutafuta, unaipeleka hedi hiyo kwenye ufa, maji yanaingia mahali pa moto, na gharama yake inazidi ya turbo kwa mbali. Mimi nauita udanganyifu, hata anayeufanya akiwa na nia njema. Na ninyi wenye magari, mwambieni fundi ukweli wote. Kama gari lilishachemsha, kama kuna mtu alishagusa fimbo ile, semeni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa injini hii kifo hicho hufika haraka.

Ikiwa yote hayo ni mazima, sasa tuitazame turbo yenyewe. Injini ikiwa imepoa, shika ncha ya shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo kwenda pembeni msishtuke: beringi zake zinaelea kwenye oili, na bila oili lazima zicheze. Ikicheza kwenda mbele na nyuma kiasi cha kuhisiwa waziwazi, au mabawa yakiwa yamekwaruza ukuta wa nyumba yake, imekwisha. Oili ndani ya bomba la hewa haitoshi kuihukumu, kwa kuwa mvuke wa injini nao unapitia bomba hilo hilo. Chomoa bomba la mvuke, lielekeze kwenye chupa, endesha siku kadhaa, ndipo utajua oili inatoka wapi.

Turbo iliyokufa kweli imeuawa na kitu, na kitu hicho bado kimo ndani ya gari. Karibu kila mara ni oili: iliyochelewa kubadilishwa, au iliyoganda kuwa mkaa ndani ya bomba dogo la kuipeleka kwenye beringi. Bomba hilo libadilishwe au lisafishwe mpaka mwanga upite. Bomba la kurudishia oili lisiwe na mkunjo wala lisizibwe na gasketi iliyokatwa vibaya, kwa sababu oili inarudi kwa uzito wake tu, na ikikosa njia inapita kwenye mihuri. Silikoni isisogee karibu na maungio hayo. Mjazie oili kwenye turbo mpya kwa mkono kabla ya kufunga bomba, mkaizungusha kwa kidole, kisha mkate dizeli na kupiga stata mpaka taa ya oili izime. Baada ya hapo iwashwe, iachwe sailensa dakika chache bila kupigwa resi.

Halafu mrudi kwenye mlima ule ule, gia ile ile, na geji ile ile mliyoanza nayo. Andikeni presha mliyoipata, mizunguko ya injini, tarehe na mji, mumpe mwenye gari karatasi hiyo aiweke pamoja na kadi ya gari. Gari likirudi kulalamika, fundi atakayelipokea, awe ninyi au mwingine, atakuwa na namba ya kulinganisha. Sasa nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wenye magari.